Likizo ya Mpishi wa Watu Mia Tatu

Wanaume wengi wakienda likizo hupumzika. Mzee Ukoko alipokwenda likizo alihamisha jiko tu: kutoka jiko la watu mia tatu akaja kwenye jiko la watu wanne na kichanga, na hili la pili ndilo lililomtoa jasho.

Jina la Mzee Ukoko alipewa na wanafunzi. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka kumi na sita, na mwanafunzi yeyote aliyejitolea kumsaidia kusugua masufuria alilipwa ukoko wa wali, ule mkavu wa chini ambao watu wazima hujifanya hawautaki. Uzee wenyewe hakuwa nao. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mikono minene, na nyusi zilizobabuliwa na moto mara nyingi hata zikakata tamaa ya kuota. Sauti yake ilizoea kuvuka ukumbi wa kulia chakula. Akikunong'oneza siri, jirani anaisikia kabla yako.

Mkewe alikuwa msusi. Kibaraza cha mbele ya nyumba ndicho kilikuwa ofisi yake: viti vinne vya plastiki, kioo chenye ufa pembeni, na wanawake waliokuja kusukwa nywele mbili wakakaa kutwa nzima kwa ajili ya maneno. Msusi alisuka, akala, akacheka, akaamua ugomvi wa watu, yote kwa wakati mmoja. Tangu ajifungue, kibaraza kilikuwa kimya na viti vimepandishwa kimoja juu ya kingine.

Watoto walikuwa watatu. Wa kwanza, binti wa miaka saba, aliitwa Msimamizi, kwa sababu alisimamia kila kitu, mpaka namna watu wengine wanavyofunga kamba za viatu. Wa pili alikuwa Kasuku, mvulana wa miaka minne, na huyo jina lake halihitaji maelezo. Wa tatu alikuwa binti aliyezaliwa siku tisa kabla shule hazijafungwa, na kwa kuwa hakuwa amefanya lolote la kumpatia jina la utani, walimwita Mgeni. Baba mtu alitania kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kasuku hakujua kwamba ni utani. Siku ya tatu alimpelekea mdogo wake ufagio mpaka kitandani.

Mama mkwe alikuwa aje kusaidia, lakini baba mkwe akateguka nyonga, ikabidi abaki kumuuguza. Mzee Ukoko hakutishika. Alisimama mlangoni siku ya kwanza ya likizo, akajifunga aproni na kusema, "Mimi nalisha mia tatu. Nitashindwa na wanne?"

Maneno kama hayo, ndugu yangu, usiyaseme kwa sauti. Yaseme moyoni, na hata huko yaseme polepole.

Siku hiyo hiyo alipika wali. Alipima mchele kwa kikombe, vizuri kabisa. Maji akayapima. Ikafika zamu ya chumvi. Sasa mpishi wa watu mia tatu hajui kijiko. Yeye huchota kwa kiganja, mara nne, bila kutazama, huku akimgombeza mtu wa kuni. Mkono haujui likizo. Ulikwenda kwenye kopo, ukachota, ukamwaga, na ulikuwa njiani kurudi mara ya pili alipoushika kwa mkono mwingine.

"Baba," alisema Msimamizi baada ya tonge la kwanza, akiwa ameshamaliza kikombe cha maji, "umeweka chumvi ya shule nzima."

"Si nzima. Robo tu."

Siku ya pili alichukua karatasi na kalamu. Mia tatu kugawanya kwa wanne ni sabini na tano. Viganja vinne vya chumvi kugawanya kwa sabini na tano ni kitu ambacho hakuna chombo cha kukipima, kwa hiyo hakuweka kabisa. Siku ya tatu aliloweka maharage kidogo sana, kwa maoni yake, na nusu yake ikapelekwa nyumba ya pili kwa seremala, ambaye alishukuru na kuuliza kuna msiba wa nani.

Haya yote yalikuwa ya kuchekesha, na walicheka. Lisilochekesha lilikuwa sahani za Msusi.

Shuleni kulikuwa na chumba cha wagonjwa, na Mzee Ukoko alikuwa na utaratibu wake kuhusu chumba hicho. Chakula cha mgonjwa hupakuliwa kwanza, hufunikwa kwa sahani nyingine, hupelekwa bila kelele, mlango hufungwa, na mtu huachwa apumzike. Alijivunia utaratibu huo, na hapo nyumbani aliufuata vilevile. Mkewe alimwambia, "Baba Msimamizi, uzazi si ugonjwa," naye akajibu, "Najua, mke wangu, wewe pumzika tu," akafunga mlango taratibu kama mwizi anayetoka. Kisha akamweka Msimamizi pale nje awe mlinzi, asiingie mtu kumsumbua mama. Binti alikuwa anangoja cheo kama hicho tangu azaliwe. Alileta kigoda, akakaa nacho mlangoni.

Na sahani zikawa zinarudi. Mpishi husoma sahani kama mwalimu anavyosoma karatasi za mtihani, na hizi zilikuwa zinafeli zote. Wali umechimbwa pembeni kidogo, matonge mawili hivi. Mchuzi umeganda. Nyama imegeuzwa upande, ikarudishwa ilipokuwa.

"Hujala," alimwambia.

"Nimekula. Kizuri sana, nimeshiba tu."

Angemwambia kibaya angefurahi. Kibaya unakirekebisha.

Jambo lililomkosesha amani lilikuwa na miaka minne. Alipozaliwa Kasuku, mama yake alishindwa kula vivyo hivyo, maziwa yakapungua, na wiki ya tatu mtoto akalazwa. Siku tisa wodini. Mzee Ukoko alikaa kwenye benchi la korido siku tisa, na mpaka leo anakumbuka uzito wa Kasuku wa kila asubuhi, mmoja baada ya mwingine, kama wengine wanavyokumbuka tarehe za kuzaliwa. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba anaukumbuka.

Jumanne nesi wa zahanati alipita na mzani wake wa kuning'iniza. Aliufunga kwenye boriti ya mlango, akamweka Mgeni ndani ya mfuko wake wa kitambaa, miguu miwili ikachomoza chini. Mgeni alinuna. Nesi akasubiri mshale utulie.

"Alizaliwa na kilo tatu na gramu mia moja," alisema, akitazama kadi. "Leo ana mbili na mia nane hamsini. Kupungua siku za mwanzo ni kawaida, msiogope. Lakini kufikia wiki mbili alitakiwa awe ameshaurudisha uzito wake, na sasa anakaribia tatu." Alimtazama Msusi. "Dada, maziwa yanatoka?"

"Yanatoka, ila si kama zamani."

"Unakula?"

"Nakula."

Mzee Ukoko akatazama ukuta.

Nesi alikaa na Msusi nusu saa nzima, akamwonyesha tena namna ya kumpakata mtoto, akamwambia amnyonyeshe kila anapotaka, anywe maji mengi na ale, hasa ale. Alipokuwa anafungua mzani wake alisema, "Nitarudi Jumatatu. Mshale usipopanda, nawaandikia barua mwende hospitali."

Kuanzia hapo Mzee Ukoko alipika kama mtu anayefukuzwa. Asubuhi uji wa karanga. Saa nne supu. Mchana viazi vya kuponda, laini kama pamba. Jioni kuku, kila kipande kimepangwa kivyake. Vyote viliingia vimefunikwa, vikatoka vimefunikwa, na akifunua anakuta matonge mawili yamepungua. Aliamini sasa kwamba mkono wake umeharibika. Kinyozi hajinyoi, alijiambia. Pengine na mpishi hawezi kuwalisha wa kwake. Jumatano alasiri seremala alimkuta ameshika tama juu ya ndoo, akimenya kitunguu kimoja kwa robo saa.

Alhamisi mchana, sahani ilirudi nyeupe.

Aliigeuza. Hata punje. Hata mchuzi ulikuwa umefutwa kwa kidole. Mzee Ukoko alicheza jikoni peke yake, mwiko mkononi, tumbo likimfuata nyuma kwa mapigo mawili. Jioni, nyeupe tena. Akamtumia mama mkwe habari kwamba mambo safi. Ijumaa mchana alipakua mlima, akaupeleka, akafunga mlango, kisha akatoka uani kuanika taulo huku anapiga mluzi.

Huko uani akaona ndoo imegeuzwa chini juu, chini ya dirisha la chumbani. Juu ya ndoo hapakuwa na mtu. Lakini dirishani ilitokea miguu miwili midogo, ikatafuta ndoo hewani, ikaipata, na nyuma ya miguu akashuka Kasuku mzima mzima, mdomo unang'aa mafuta na punje ya wali imekaa sikioni.

Moyo wa Mzee Ukoko ulishuka mpaka kwenye kandambili. Furaha yote ya siku mbili, na habari aliyomtumia mama mkwe, kumbe ni tumbo la Kasuku!

"Umekula chakula cha mama!"

"Sijala!"

"Sikio lako lina wali!"

Kasuku alipapasa sikio, akaipata ile punje, akaila. Kisha akaanza kulia. "Sijala peke yangu! Tumekula! Mimi na mama!"

Mzee Ukoko aliingia ndani, akampita mlinzi, ambaye alisema, "Baba, mama amepumzika," akapitwa bila kujibiwa. Msusi alikuwa amekaa kitandani, Mgeni yuko titini, na sahani nyeupe iko kando yake.

"Usimpige," alisema Msusi kabla mumewe hajafungua mdomo.

"Nimpige nini? Niambie ukweli tu. Amekula kiasi gani?"

"Matonge matatu. Na nyama niliyompa mwenyewe."

"Na yaliyobaki?"

"Nimekula mimi."

Mzee Ukoko alisimama pale, mikono imening'inia. "Sasa mbona nikikuletea mimi huli?"

Msusi alicheka kwanza. Kisha akafuta macho kwa upande wa khanga, maana yalikuwa yameshajaa.

"Wewe unaniletea sahani, unafunga mlango," alisema. "Nabaki mimi na sahani, tunatazamana. Baba Msimamizi, mimi sijazoea kula peke yangu tangu nizaliwe. Kwetu tulikuwa tisa. Nilipoolewa nikala kibarazani na watu wananisemesha, mkono mmoja kwenye nywele za mtu. Hapa nikila tonge la pili koo linafunga. Najilazimisha, halishuki. Jana huyu akaingia dirishani, akaanza kunisimulia habari za mjusi aliyemwona chooni. Mjusi huyo ana mke, ana watoto, hata sijui mwisho wake. Kuja kushtuka, sahani imekwisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unatembea kwa ncha za vidole," alisema Msusi. "Wewe! Na mwili huo! Nitakuambiaje unakosea?"

Mzee Ukoko alikaa ukingoni mwa kitanda, kitanda kikalalamika. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio. Wiki mbili alikuwa amemfungia mkewe kwa mapenzi yote, na ulinzi akaweka.

"Mimi nilidhani ni chumvi," alisema.

"Na chumvi pia," alisema Msusi.

Jumamosi asubuhi aliifuata sufuria kubwa nyuma ya banda. Ilikuwa ya shule zamani. Ilipokatika mpini mmoja wakampa, na tangu hapo ilikuwa inakinga maji ya mvua. Aliimwaga, akaisugua kwa mchanga na majivu mpaka ikakumbuka rangi yake, akapanga mawe matatu uani na kukoka moto. Msimamizi aliulizwa kama anaweza kuita watoto wa mtaa, wote, kila mmoja aje na sahani yake. Akauliza, "Wote kabisa?" Baba akasema wote. Aliondoka mbio hata kigoda akakisahau.

Likizo ni likizo, na mtaa ulikuwa umejaa watoto wasio na la kufanya. Kwa seremala walitoka wanne. Nyumba ya kona watano, na binamu zao waliokuja kutembea. Wengine hawakujulikana wametoka wapi, na Mzee Ukoko hakuuliza. Alikuwa anakaanga vitunguu kwa mwiko wenye urefu wa Kasuku, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu afunge shule alikuwa anaimba. Watu arobaini, kwa macho. Mkono ulikwenda kwenye chumvi, ukachota, ukapunguza kidogo njiani wenyewe, ukamwaga. Alionja. Alionja tena, kwa raha tu.

Mlango wa chumbani aliuacha wazi. Aliusukuma, akaweka tofali usijifunge, akarudi kwenye moto.

Foleni ilipopangwa ilianzia kwenye sufuria, ikapita kamba ya nguo, ikatokea barabarani. Msimamizi alitembea kando yake, mikono nyuma, akinyoosha watu. Mzee Ukoko aliinama, akaanza kupakua wali na maharage. Mpishi wa shule hatazami nyuso, muda huo hana. Anatazama sahani: ya bati, ya plastiki nyekundu, ya bati, bakuli, mfuniko wa kopo, "wewe sahani yako iko wapi?", ya plastiki. Alipofika kama ya ishirini ikaja ya udongo, nyeupe, aliyokuwa ameifunika na kuifunua siku kumi na tano. Na mkono ulioishika ulikuwa na ngozi ngumu kwenye kidole gumba, mahali ambapo uzi wa kusukia hupita.

Aliinua macho. Msusi alikuwa amesimama kwenye foleni, kati ya mtoto wa seremala na mtoto asiyejulikana, Mgeni amefungwa kifuani, nywele hazijachanwa.

"Huyu mama karuka foleni!" alilalamika mtoto wa nyuma.

"Sijaruka," alisema Msusi. "Nimepanga tangu kwenye kamba. Muulize msimamizi."

Msimamizi alithibitisha.

Mzee Ukoko alipakua. Msusi hakuondoa sahani. "Ongeza," alisema. Akaongeza. Kisha mwanamke yule akaenda kukaa kibarazani, ambako mama wawili waliokuja kutafuta watoto wao walikuwa wameshashusha viti vya plastiki. Watoto wakamzunguka, Kasuku akajibana ubavuni mwake akaanza upya habari za mjusi, mmoja wa wale mama akasema hiyo si kweli, na Msusi akajibu mdomo umejaa, akameza, akajibu tena, mkono ukienda na kurudi bila yeye kuutazama. Mumewe alisimama na upawa hewani, maharage yakidondokea kiatu chake, mpaka foleni nzima ikapiga kelele, "Mzee, sahani!"

Jumapili walikula tena kibarazani, kwa sufuria ndogo, pamoja na yeyote aliyepita. Wali ulikuwa na chumvi nyingi. Msusi aliumaliza.

Jumatatu nesi akaja, akafunga mzani kwenye boriti. Mgeni akaingizwa kwenye mfuko wake wa kitambaa, akanuna. Mzee Ukoko alisimama nyuma, mikono ameibana makwapani. Mshale ulicheza, ukapanda, ukashuka, ukatulia.

"Tatu na arobaini," alisema nesi. Akainama kuhakikisha. "Ndiyo. Karibu gramu mia mbili kwa siku sita." Akaandika kwenye kadi na kumrudishia Msusi mtoto wake. "Safi sana. Endeleeni hivyo hivyo. Barua haihitajiki."

Mzee Ukoko alisema asante, akasema kuna kitu amekisahau uani, akatoka. Kasuku akamfuata, kwa kuwa palipokuwa na kitu kilichosahauliwa hakutaka kukosa. Alimkuta baba yake amechuchumaa mbele ya mawe matatu, uso ameuficha kwenye aproni, mabega yanatikisika.

"Baba, unalia?"

"Moshi."

Kasuku aliyakagua mawe. Aliinama, akatia mkono kwenye majivu.

"Moto haujawashwa," alisema.

Mzee Ukoko alimtazama mtoto huyo, mwenye miaka minne, mashavu mazito, magoti yamechubuka, aliyekuwa na kilo mbili na gramu mia sita siku ya tano ya wodini.

"Basi nalia," alisema. "Kaa hapa nilie kidogo, halafu tuwashe."

Kasuku akakaa.